Nilikuwa Sauti ya Mbuzi wa Sinema

Juzi mjukuu wangu Shiro alinipeleka pale Kimbo, huku huku Ruiru, kuona kazi yake. Ni chumba kidogo nyuma ya duka la simu. Wamebandika trei za mayai ukutani ili kelele za steji ya matatu zisiingie, na ndani yake vijana wanne wanatazama katuni ya punda mdogo na kuiwekea maneno yetu. Nikapewa kiti, nikasikiliza. Punda akaachwa na mama yake msituni, na kijana aliyeshika maiki akasema, "Sasa punda ameachwa na mama yake." Nikamgonga mguu na bakora. Nikamwambia, kijana, sisi wote tuna macho. Hiyo tumeiona. Tuambie kile hatukuona.

Wakacheka, lakini walizima mashine. Shiro akasema, "Basi, Cucu, si utufundishe." Haya, nawafundisha. Na sitajifanya mnyenyekevu, kwa sababu kazi hiyo niliifanya kabla baba zenu hawajazaliwa, na niliifanya vizuri kuwashinda nyinyi wote mkiwekwa pamoja.

Sisi hatukuwa na chumba. Tulikuwa na lori la kampuni moja ya sabuni, na ndani ya lori mtambo wa sinema, injini ya kutoa stima, shuka la amerikani tulilolishona wenyewe, na honi mbili kubwa za kutolea sauti. Tulizunguka mashamba ya kahawa kutoka Ruiru mpaka ng'ambo ya Thika. Filamu zilikuja zikiongea Kizungu. Mutua, aliyekuwa dereva na tena fundi wa mtambo, alipunguza Kizungu wakati wa maneno na kurudisha sauti wakati wa muziki. Msemaji alisimama kando ya shuka na maiki, akaeleza kwa Kiswahili, kwa sababu kwenye shamba moja kulikuwa na Mkikuyu, Mkamba, Mluhya na Mjaluo, na kila mmoja alitaka kucheka pamoja na wengine.

Ilikuwa miaka ya Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni. Jioni kuna kafyu, na mtu akionekana nje baada ya giza ni shauri yake. Kwa hivyo sinema yetu ilikuwa ya mchana. Hebu fikirieni hiyo, sinema saa nane mchana, na jua lile la Thika mnalijua. Tulitumia stoo za kahawa. Unatundika magunia kwenye madirisha, tena mawili mawili, kwa maana gunia moja lina vitundu na jua litapenya likae katikati ya picha. Kisha unanyunyiza maji sakafuni ili vumbi lisipande kwenye mwangaza wa mtambo. Maji kidogo tu. Upande wa Gitothua nilimwaga ndoo nzima, na akina mama wakatazama sinema yote wakiwa wamesimama, nguo zimeshikwa juu ya magoti, wakinitukana kwa adabu.

Niliingia kazi hiyo kwa sababu ya mdomo. Nilikuwa msichana wa kuchuma kahawa Ruiru. Siku moja lori likaja na sinema ya kuosha watoto, na msemaji alikuwa Mzee Elijah, mtu mnene aliyejifunza Kiswahili jeshini. Sauti yake ilitoka tumboni. Mwanamke wa kwenye sinema akafungua mdomo kumbembeleza mtoto, na Elijah akanguruma, "Nyamaza, mtoto wangu mpendwa." Watoto wetu wakaanza kulia. Mimi nikasema kutoka nyuma, "Mzee, huyo mama anabembeleza ama anakamata mwizi?" Stoo nzima ikacheka. Nilidhani nitafukuzwa. Wiki iliyofuata akanitafuta kwenye mistari ya kahawa, nyapara wangu akiwa pale, akaniuliza kama huo mdomo unaweza kufanya kazi ya mshahara.

Mshahara ulikuwa mzuri, lakini mimi niliutazama zaidi ule upande wa pasi. Wacha niwaeleze, kwa sababu nyinyi mnaenda Thika na kurudi kabla chai haijapoa. Wakati ule Mkikuyu hakuweza kutoka hapa kwenda pale bila karatasi ya ruhusa. Mama yangu, maitu, alikuwa amehamishwa na watu wote wa upande wetu, wakawekwa kijiji kipya chenye walinzi ng'ambo ya Thika. Mimi nilibaki Ruiru. Misimu miwili ya kahawa ilipita sijamwona, na yeye hakujua kama niko hai. Sasa pasi ya lori ilisema naweza kwenda popote lori linakwenda, na lori lilikuwa likifika upande wake mwisho wa mzunguko, kila mwezi. Nikikosa kazi, nimekosa pasi. Nikikosa pasi, nimemkosa maitu. Kwa hivyo maiki niliishika kwa mikono miwili.

Mzee Elijah alinifundisha mambo ambayo bado nayatumia, hata kanisani. Usinywe chai ya maziwa kabla ya kusema, koo linajaa. Simama umeipa injini mgongo, la sivyo utapiga kelele kushindana nayo, na injini haichoki. Mutua akibadilisha mkanda, na giza likae hivi hivi, usinyamaze, maana watu wakipewa giza na ukimya wanakumbuka wana kazi nyumbani. Ongea na mtu mmoja. Mchague mmoja mbele, mwenye uso mgumu, umweleze yeye. Na somo la kwanza ni lile nililompa yule kijana wa Kimbo kwa bakora: sema kile hakionekani.

Basi, mzunguko wangu wa kwanza, kabla sijafika Thika, ikaletwa filamu ya mbuzi.

Aliyeileta ni memsahabu wa kampuni, mama mmoja mrefu wa Kizungu ambaye hakuwa mbaya, ila alikuwa na haraka. Alisema watu wamechoka kuonyeshwa kuosha mikono, sasa tuwape sinema ya kufurahisha familia, halafu mwishoni tuuze sabuni. Ilikuwa picha za kuchorwa, kitu ambacho wengi wetu hatukuwa tumeona. Akatuhadithia kwa Kizungu, Elijah akitafsiri. Mbuzi mdogo wa kiume anaitwa Tito. Mafuriko yanamtenga na mama yake. Bibi kizee anamwokota, anamlea ndani ya nyumba karibu na moto. Anakua. Mbuzi wengine wanamcheka ati ni wa nyumbani. Ukame unakuja, anavuka daraja la kamba kutafuta malisho, anakuwa mkubwa wa kutegemewa, anarudi akiongoza msururu wa mbuzi wadogo, na yule bibi anamvalisha kengele. Memsahabu alipofika kwenye kengele macho yalimlowa. Hata mimi niliguswa. Mimi nilipewa sauti ya bibi, Elijah akabaki na Tito na wengine wote.

Tulianza Ruiru, kwenye shamba letu lile lile. Memsahabu alikaa nyuma kwenye kiti chake cha kukunja. Mbele, juu ya gunia, alikaa Mzee Kariuki, mzee wa kuchinja. Hakuna sherehe shambani ambayo mnyama alilala chini bila yeye kuitwa. Huyo ndiye Elijah alimchagua awe uso wake mgumu, na hapo ndipo tulipokosea.

Mafuriko yalienda vizuri. Watoto walishika pumzi. Kisha bibi wa kwenye sinema akamwingiza Tito ndani ya nyumba, akamfungia pembeni, akaanza kumletea majani mazuri mkononi. Mimi nikasema kwa sauti yangu tamu kabisa, "Kula, mwanangu, kula ukue."

Mzee Kariuki akageuka, akawaambia walio nyuma, "Hii ni ngoima."

Nyinyi wa siku hizi hamjui ngoima, mnajua nyama ya kilo. Zamani kwetu mama wa nyumba alikuwa na kizizi kidogo ndani ya nyumba yake, na humo aliweka mbuzi au kondoo dume aliyehasiwa, asiyetoka nje, akila majani ya viazi vitamu mchana na usiku. Huyo ananoneshwa. Akitolewa mlangoni, ujue kuna wageni. Sasa watu wetu wanatazama bibi kizee, mbuzi dume, ndani ya nyumba, kando ya moto, analishwa kwa mkono. Hawakuhitaji msemaji. Walijua hiyo hadithi inaishia wapi.

Kutoka hapo kila neno letu liliongeza kuni. Bibi akamwogesha Tito, mtu akasema, "Wameanza kutayarisha." Tito akaruka ruka kuonyesha furaha, mzee mwingine akasema mapaja hayo yametosha watu kumi. Elijah akanguruma, "Sasa mimi Tito nimekuwa mkubwa," na wanaume wakapiga makofi, wakauliza wanangoja nini. Alipomuaga bibi ili avuke daraja, stoo yote ikahuzunika vibaya sana. Memsahabu akafurahi, akadhani wamependa sehemu ya kuagana. Wao walikuwa wanasema, "Aii, imetoroka." Na aliporudi, kwa miguu yake, mnene, akifuatwa na wengine wadogo, ninyi hamjawahi kusikia shangwe kama ile. Kariuki alisimama. "Imejileta," akasema. "Na imeleta zingine." Bibi akanyoosha mikono kumvalisha kengele shingoni, na watoto, waliokuwa wamesikiliza wazee wao muda wote, wakafunika macho na kupiga yowe.

Taa ilipowashwa, wanaume wanapangusa midomo, watoto wanalia, memsahabu amesimama. Akamuuliza Elijah kwa nini watoto wanalia kwenye sehemu ya furaha. Elijah alikuwa mtu wa kanisa, hakujua kudanganya. Akamwambia.

Memsahabu akakunja kiti chake. Halafu akasema filamu hii ni ya watoto, na yeye hakutoka Nairobi kuja kutangaza nyama. Mwisho wa mzunguko, pale Thika, atakuja tena. Watu wakiitazama kama nyama tena, anairudisha, tunabaki na filamu za kuosha mikono, na kwa hizo msemaji mmoja anatosha. Aliposema msemaji mmoja hakuniangalia. Nikaelewa kwamba huyo mmoja si mimi.

Usiku ule sikula. Sikuwa nafikiria memsahabu. Nilikuwa nahesabu mashamba yaliyobaki kabla ya Thika, nikijiambia nitamwona maitu mara moja, halafu nimwambie sitarudi. Niliona afadhali nisimwone kabisa.

Elijah alisema ana dawa. Shamba lililofuata, kabla mtambo haujawaka, akasimama mbele na kifua chake akatangaza, "Ndugu zangu, sikilizeni. Hii mbuzi mtakayoona, hailiwi. Nasema tena, hailiwi."

Mama mmoja akauliza, "Ina ugonjwa gani?"

Elijah akasema haina ugonjwa, hailiwi tu. Hapo sasa wakajua kweli ina ugonjwa, tena mbaya, ule ambao wakubwa hawataki kuutaja. Wakatazama sinema yote wakitafuta dalili. Tito akipiga chafya, minong'ono. Bibi akimkumbatia, akina mama wanashika vichwa. Mwisho wa sinema hakuna hata mmoja aliyekuja kupokea kipande cha sabuni cha bure, na kesho yake asubuhi mzungu wa shamba akaja mbio kutuuliza nani amesema kuna tauni ya mbuzi. Watu walikuwa wamefungia mbuzi zao ndani na hawataki zipite karibu na lori letu. Mutua alicheka mpaka akakaa chini ya gurudumu. Mimi sikuona cha kucheka wakati ule. Leo nacheka.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo kazi ilipo. Mkanda ulikuwa umekatika, na Mutua alikuwa akiuunganisha kwa gundi, ameushika juu kwenye jua. Nikasogea nikautazama naye, kapicha kamoja kamoja. Mutua alikuwa Mkamba wa upande wa mashariki ya Thika, amechunga mbuzi tangu anajua kutembea. Akasema, kama mtu anayejisemea, "Lakini huyu waliyemchora hana kitu."

"Hana kitu gani?"

Akaona haya kidogo, kwa sababu mimi ni msichana. "Huku nyuma. Chini ya mkia. Hakuna kitu."

Nikautwaa mkanda, nikaangalia. Kweli, wale wachoraji wa Kizungu waliona aibu, wakampa mbuzi mkia na chini ya mkia pakavu kabisa. Ndiyo maana wazee wetu hawakuwa na shaka. Dume asiye na kitu ni aliyehasiwa, na aliyehasiwa akilelewa ndani ni nyama. Hawakukosea hata kidogo. Kama wangetamani kumla punda, hapo ningewalaumu.

Nikakaa pale juani na ule mkanda. Halafu nikaenda kwa Elijah, aliyekuwa ananyoa ndevu kwenye kioo cha lori.

"Mzee," nikamwambia, "nani ameapa kwamba Tito ni dume?"

"Memsahabu alisema ni dume."

"Memsahabu amemwinua mkia?"

Wembe ukasimama. Nikamweleza. Mbuzi asiye na kitu anaweza kuwa aliyehasiwa, lakini anaweza pia kuwa jike ambaye hajazaa, ambaye kiwele hakijatoka. Na jike ambaye hajazaa, mwenye afya namna hiyo, nani wa kwetu atamchinja? Labda mwendawazimu. Huyo unamweka ndani usiku, unamlisha kwa mkono, unamwombea, kwa sababu zizi lote la kesho liko tumboni mwake. Hata wale wadogo wanaomfuata mwisho wa sinema hawahitaji tena kuelezwa walitoka wapi.

Elijah alifikiri kwa muda mrefu, povu limemkaukia shavuni. Alikuwa mtu mwenye kiburi cha kazi yake, na huyo Tito alikuwa wake. Mwishowe akasema, "Basi jike hawezi kuwa na sauti yangu. Pale Thika shika maiki mwenyewe, mwanzo mpaka mwisho. Mimi nitanyamaza. Na kunyamaza kwangu usidhani ni kazi rahisi." Nilimpenda mzee huyo kutoka siku ile mpaka tulipomzika.

Thika tulipewa stoo kubwa ya kahawa, yenye joto la kuivisha ndizi. Nyapara wa pale alituambia wachumaji wa siku hiyo wanatoka kile kijiji cha ng'ambo, wataletwa na homgadi, askari wa kulinda kijiji, watatazama, na sinema ikiisha watarudishwa moja kwa moja kabla ya kafyu. Walipoingia nilikuwa tayari kando ya shuka, siruhusiwi kuondoka. Niliona vichwa tu, vitambaa vya kichwa, wote wamekonda namna moja. Homgadi akasimama mlangoni na bunduki. Memsahabu akafungua kiti chake. Mutua akashusha gunia la mwisho, na sikujua kama maitu yumo ama hayumo.

Nikaigeuzia injini mgongo, nikamtafuta mtu wa mbele. Mbele kulikuwa na mzee mmoja mwenye jicho moja, uso kama mlango uliofungwa. Nikaongea na yeye.

"Hii mbuzi ni jike," nikasema. "Bado haijazaa. Jina lake ni Gatune."

Kwa lugha yetu hilo ni kama kusema kale kekundu. Lilikuwa jina la mbuzi wa mama yangu. Alikuwa mmoja, mwekundu, mkaidi, na alichukuliwa pamoja na mifugo mingine siku watu wa kwetu walipohamishwa. Hakuna mtu mwingine Thika nzima angemwita mbuzi wa sinema jina hilo isipokuwa mtoto wa yule mama.

Yule mzee akamwambia jirani yake, "Kama ni jike, basi hiyo hailiwi." Jirani akasema ndiyo, itakuwa hasara. Jambo likaisha hapo, kama mnavyonisikia. Bibi alipomwingiza Gatune ndani, nikawaambia kile hakionekani: huyu bibi alikuwa na zizi limejaa, lote limeondoka, amebaki na huyu mmoja. Hakuna aliyetaja nyama tena. Watu hao walikuwa wamepoteza mifugo yao yote. Bibi akiweka majani mdomoni mwa mbuzi, nilisikia mwanamke akisema taratibu, "Mpe tena. Mwongeze."

Tukafika kwenye kuagana. Gatune amesimama upande huu wa daraja la kamba, bibi upande ule. Filamu ya Kizungu ilikuwa na wimbo hapo, na Mutua alipaswa kuupandisha. Nikamwashiria auache chini. Nilikuwa nimeshapanga maneno mengine, lakini yaliyotoka ni haya, kwa sauti yangu mwenyewe, si ya mbuzi wala ya bibi:

"Mama, usinililie. Mimi Gatune niko hai. Nakula vizuri. Nalala mahali pakavu, na watu ninaotembea nao ni watu wazuri. Sikukusahau hata siku moja. Njia ikifunguka, nakuja."

Homgadi alikuwa anatazama mbuzi. Memsahabu hakujua Kiswahili. Nilikuwa nalia, na sioni haya kuwaambia, nililia na maiki mkononi na sauti haikutetemeka, kwa sababu Elijah alinifundisha kulia kwa macho peke yake.

Na mwisho, Gatune akarudi. Akatokea juu ya kilima na nyuma yake wale wadogo, mmoja, mwingine, mwingine, wanazidi kutokea. Nikasema tu, "Amerudi nyumbani. Hawa ni watoto wake." Bibi akanyoosha mikono na kengele.

Katikati ya giza mwanamke akasimama akapiga kigelegele. Kwetu mtoto wa kiume akizaliwa, wanawake hupiga vitano, ili jirani wahesabu na wajue. Wa kike ni vitatu. Huyu mwanamke alipiga kimoja, akapumua. Akapiga cha pili, akapumua. Akapiga cha tatu, akanyamaza. Watu wakacheka, wakasema huyu mama amezalisha mbuzi. Halafu wanawake wengine nao wakaanza, pande zote, hakuna aliyehesabu tena, na magunia yakatikisika madirishani. Lakini vile vitatu vya kwanza mimi nilivijua. Najua namna mama yangu anavyovuta pumzi katikati.

Taa zikawaka. Memsahabu alikuwa amesimama tena. "Ni nini?" akamuuliza Elijah. "Ni nyama tena?"

"Hapana, memsahabu," akasema Elijah. "Mbuzi amezaa."

"Lakini yule ni dume."

"Kwenu ni dume, memsahabu. Huku Thika amezaa."

Memsahabu akawatazama. Wanawake walikuwa bado wanapiga vigelegele, watoto wanapanda juu ya magunia wakilia kama mbuzi, na yule mzee wa jicho moja alikuwa anafuta hilo jicho. Akatazama upande wangu, safari hii akaniangalia kabisa. Akasema kitu kwa Kizungu, na Elijah akanitafsiria kwa sauti ya kifua ili stoo yote isikie: "Anasema basi azae kila shamba, kila mwezi. Na wewe ndiye utamzalisha."

Homgadi alikuwa ameshaanza kupanga watu mlangoni. Nikaacha maiki chini, kitu ambacho sikuwahi kufanya tena maisha yangu yote, nikapita katikati ya wachumaji. Maitu alikuwa kwenye mstari, mdogo kuliko nilivyomwacha, kikapu mgongoni. Alinishika uso kwa mikono yote miwili. Yule homgadi akasema, "Mama, twende, saa imefika." Hatukuwa tumesema lolote bado. Mstari ukasonga na yeye akasonga nao, akitembea huku amegeuza shingo.

"Hiyo mbuzi," akaniita kutoka mlangoni, kwa sauti ya mtu anayeuliza jambo la kawaida ili homgadi asijali. "Mtairudisha lini?"

"Mwezi ujao, maitu," nikamjibu. "Mwezi ujao na mwezi ule mwingine."